Kibali cha Kulala

Saa moja na robo asubuhi Inspekta Dalenda Gharsalli aliteremka garini mbele ya stesheni ya Metlaoui, akaufunga mlango kwa goti, maana mikono yote miwili ilishika mafaili. Alikuwa na muda hadi saa nane mchana. Saa nane Hakimu Essia Labidi, hakimu mchunguzi wa Gafsa, angetia saini ya kumpeleka Wajdi Zammali kwenye chumba cha mashtaka. Faili likishafika huko, lisingetoka kabla ya mwaka kwisha.

Wajdi alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa programu, mzaliwa wa Metlaoui hapo hapo. Kampuni ya Henshir ya Sfax ilimwajiri kuandika programu ya visanduku vinavyopeleka amri za taa za reli kutoka stesheni hadi stesheni. Kila amri husimbwa kwa ufunguo wa siri kabla ya kutoka, ili mhuni asije akaingiza amri yake mwenyewe na kuzigonganisha treni. Sehemu ya usimbaji, iliyo ndani kabisa ya kiini cha mfumo, ilikuwa kazi ya Wajdi. Mwezi Machi aligombana na mkurugenzi wake, akaacha kazi. Mwezi Mei kisanduku cha Metlaoui kikaanza kuganda.

Kiliganda Jumatatu tatu, saa tatu na nusu asubuhi, dakika moja mbele au nyuma. Mara ya tatu, Jumatatu ya tarehe ishirini na sita, taa zikiwa zimekwama kwenye amri ya zamani, treni ya fosfati yenye mabehewa thelathini na treni ya abiria ya Gafsa ziliingia kwenye reli moja, zikielekeana. Kila dereva aliona moshi na vumbi la mwenzake kwa mbali, akafunga breki. Zilisimama zikiwa zimebakiza mita mia na themanini. Hakufa mtu. Siku iliyofuata Wajdi alikamatwa nyumbani kwa mama yake, kijiko cha supu ya lablabi kikiwa mkononi.

Ushahidi ulionekana kamili. Badiliko la mwisho kwenye sehemu ya usimbaji lilikuwa na jina lake. Alikuwa na kinyongo. Na kisanduku kiliganda kwa saa, kama bomu lililotegwa. Mpelelezi wa kwanza aliandika kwamba mshtakiwa alikataa kuhojiwa, ila alisema maneno ya kejeli mara moja: "Angalieni kumbukumbu, msiangalie saa."

Dalenda, wa kikosi cha uhalifu wa kompyuta mjini Tunis, alikuwa amekabidhiwa faili siku nane kabla. Siku zote hizo alisoma programu ya Wajdi mstari kwa mstari, akiitafuta hiyo saa ya bomu. Hakuikuta. Hapakuwa na mstari hata mmoja ulioijua Jumatatu.

"Labda ameificha vizuri," alisema Sajini Khmais, msaidizi wake, mtu mnene, mpole, aliyeendesha gari kutoka Gafsa huku akila brik, sambusa ya yai, bila kudondosha tone.

"Labda haipo," Dalenda alijibu. "Twende tukalione daftari la zamu. Lile la karatasi, siyo la kompyuta."

Daftari la karatasi lilikuwa mali ya Bi Mahbuba, mwangalizi wa taa za Metlaoui kwa miaka ishirini na sita. Aliwapokea ofisini kwake kwa chai yenye lozi zilizoelea juu, akawaambia wakae, kisha akayarudia yote aliyokwisha kuandikisha polisi. Kisanduku kiliganda, akakizima, akakiwasha, kikaamka. Mara tatu. Zote Jumatatu. Alisema kwa upole na kwa haraka, kama mtu aliyezoea kurudia maneno yale yale.

Dalenda alifunua daftari la mwezi Mei polepole. Kila treni iliyopita ilikuwa na mstari wake: namba, saa, na alama ndogo ya vema kuonyesha amri imepita kisandukuni. Jumatatu ya kwanza, pengo. Ya pili, pengo. Jumatatu ya tarehe kumi na tisa hapakuwa na pengo lolote. Aliuliza ilikuwaje siku ile.

Bi Mahbuba alieleza kwamba siku ile wachimbaji waligoma. Treni za abiria zilipita kama kawaida, lakini ofisi ya mgodi ilifungwa.

"Na kisanduku hakikuganda."

"Hakikuganda, mwanangu."

Dalenda aliendelea kufunua. Alisimama kwenye Jumatano ya tarehe ishirini na moja. Treni mbili za asubuhi hazikuwa na alama ya vema. Mbele ya kila moja pameandikwa, kwa kalamu nyingine, maneno mawili: *kwa simu*.

Aligeuza daftari, akaliweka mbele ya mwenyeji wake, akaweka kidole pale.

"Mama, kisanduku kikiwa kizima, unapitisha treni kwa simu?"

Bi Mahbuba alichukua kijiko, akakoroga chai isiyo na sukari ya kukoroga. Khmais aliacha kutafuna.

"Kiliganda na Jumatano," alisema hatimaye. "Sikusema. Wakubwa wa reli walikuwa wameshaniandikia barua ya onyo kwa zile mbili za kwanza, kwamba nakichezea. Nimebakiza miezi saba nistaafu. Nikakizima, nikakiwasha, nikapitisha treni zangu kwa simu kama zamani, nikafunga mdomo."

"Siku ile ya Jumatano ulifanya nini kabla hakijaganda? Hatua kwa hatua."

"Nilichofanya ni ripoti tu. Ripoti ya wiki. Kila Jumatatu saa tatu na nusu nabonyeza kitufe, kisanduku kinakusanya rekodi za wiki nzima, kinazipeleka Tunis. Tangu mwezi Mei mgodi umeongeza treni, na ripoti yetu imekuwa nzito kuliko za stesheni zote. Wiki ya mgomo sikuituma Jumatatu, kwa sababu karatasi za mgodi hazikuja. Nikaituma Jumatano."

Dalenda alimtazama Khmais. Khmais alikuwa ameshatoa kalamu.

Bomu lenye saa lingelipuka Jumatatu ya mgomo. Halikulipuka. Na lisingelipuka Jumatano. Basi kilichokiua kisanduku hakikuwa saa. Kilikuwa ile ripoti, na ripoti kazi yake ni moja: inajaza kumbukumbu ya mashine. Wajdi hakuwa amefanya kejeli. Alikuwa ametoa jibu, na mtu akaliandika vibaya.

Dalenda alimwomba Bi Mahbuba aandike maelezo mapya na kutia saini. Mama yule aliuliza kama watamfukuza. Dalenda alimwambia kwamba hilo halikuwa mikononi mwake, ila angemwambia hakimu kwamba ukweli wa leo umeokoa watu wengi kuliko kimya cha juzi kilivyohatarisha. Bi Mahbuba aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, akatia saini mara mbili, moja zaidi ya iliyotakiwa.

Saa nne kasoro robo walikuwa wamerudi Gafsa, kwenye karakana ya reli, mbele ya kisanduku cha akiba kilichotolewa stoo kikiwa bado na gundi ya kiwandani. Dalenda alikiunganisha na kompyuta mbili. Moja ilijifanya stesheni jirani, ikipeleka na kupokea amri za taa bila kupumzika. Nyingine ilikuwa na diski iliyotiwa lakiri na mahakama: nakala ya ghala zima la programu za Henshir, lenye kila badiliko lililowahi kuingizwa.

Jaribio la kwanza alituma ripoti ya siku moja. Kisanduku kilifanya kazi. La pili, ripoti ya siku tatu. Kikafanya kazi. La tatu alipakia wiki nzima ya Metlaoui, akabonyeza, akatazama saa ya mkononi. Sekunde ya thelathini na nane taa ndogo ya kijani iliacha kupepesa. Kisanduku kilikaa kimya kama jiwe.

Alirudia mara nne. Kiliganda mara nne.

"Haya, kinaganda," Khmais alisema. "Lakini hata kilio hakitoi. Gari langu bovu likizimika angalau linakohoa."

"Kwa sababu kimezibwa mdomo," Dalenda alisema. "Ndani ya kiini kuna mlinzi. Kazi yake ni kupiga kelele mtu akifanya jambo lisiloruhusiwa. Hapa amezimwa."

Alitumia saa nzima kuijenga upya programu ile ile, kutoka kwenye diski ile ile, bila kugusa mstari hata mmoja, ila akamwamsha mlinzi. Khmais alitia saini kama shahidi kwa kila hatua, akipiga picha kioo. Halafu Dalenda aliwasha kisanduku na kutuma amri moja tu ya taa. Hakuhitaji hata ripoti. Kioo kilijaa maandishi. Mlinzi alikuwa akilalamika jambo moja, tena na tena: ombi la kulala limetolewa huku kufuli imeshikwa. Na akataja mahali: sehemu ya usimbaji, mstari wa mia tatu kumi na nane.

Khmais aliomba aelezwe kwa lugha ya watu. Dalenda alichukua kipande cha chaki ya mafundi, akachora juu ya meza.

Kisanduku, alieleza, kina prosesa mbili, ndizo bongo zake, na kazi ni nyingi kuliko prosesa. Kwa hiyo kuna mpanga zamu: wewe fanya, wewe ngoja, wewe lala nitakuamsha. Ufunguo wa siri wa kusimba ni mmoja, hivyo kila anayetaka kuutumia hushika kufuli kwanza. Anayekuta kufuli imeshikwa, hasinzii. Anasimama mlangoni akigonga, kwa kuwa anajua mwenye kufuli hatakawia. Sheria ni hiyo: ukishika kufuli hii, ni marufuku kulala.

"Sasa huyu wa mstari wa mia tatu kumi na nane ameshika kufuli," aliendelea, "anataka nafasi kidogo ya kumbukumbu ya kufanyia hesabu zake. Kuna namna mbili za kuomba. Ya kwanza: nipe sasa hivi, kama huna niambie huna. Ya pili: nipe, na kama huna nina kibali cha kulala mpaka ipatikane. Huyu ameomba kwa namna ya pili."

"Na kumbukumbu ikiwa tele?"

"Anapewa papo hapo, halazimiki kulala, na kosa halionekani. Miezi hata mitatu."

Khmais alitazama mchoro. "Ripoti ya wiki ikiijaza, anapitiwa na usingizi na kufuli mkononi. Prosesa ya kwanza inachukua kazi nyingine, kazi hiyo inaitaka kufuli, inasimama mlangoni kugonga. Ya pili vivyo hivyo."

"Na hakuna prosesa iliyobaki ya kumwamsha mwenye kufuli."

"Kwa hiyo wote wawili wanagonga mpaka Bi Mahbuba aje na kidole chake." Khmais alijifuta mikono. "Lakini mkuu, mstari huo una jina la Wajdi."

"Ndiyo," Dalenda alisema. "Ndilo lililobaki."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Alifungua ghala la programu, akaliita badiliko lenyewe. Kioo kilionyesha kile kile kilichoko kwenye faili la polisi: Mwandishi, Wajdi Zammali, tarehe tatu Machi. Hapo ndipo mpelelezi wa kwanza aliposimama, na hata yeye Dalenda alikuwa amesimama hapo kwa siku nane.

Alijua, kama wajuavyo mafundi wote, kwamba ghala la namna ile huandika majina mawili. La kwanza ni la aliyetunga badiliko. La pili ni la aliyeliingiza ghalani. Kwa kawaida ni mtu mmoja, kwa hiyo chombo huonyesha la kwanza tu, na hakuna anayehangaika na la pili. Lakini mtu akichukua badiliko la mwenzake, akalirekebisha kidogo na kuliingiza upya, jina la mtunzi hubaki lile lile. La mwingizaji hugeuka.

Aliandika amri ndefu zaidi, akaomba maelezo yote.

Mwandishi: Wajdi Zammali, tarehe tatu Machi. Mwingizaji: Naoufel Bouraoui, tarehe kumi na nne Machi, saa tano na dakika sita asubuhi.

Dalenda alivuta faili, akatafuta risiti ambayo Henshir wenyewe waliiwasilisha kuthibitisha kinyongo cha mshtakiwa. Wajdi Zammali alirudisha kitambulisho na kompyuta ya kazi tarehe kumi Machi. Siku nne kabla.

Khmais alisoma kioo, akasoma risiti, akasoma tena kioo. Alikwenda mlangoni, akafunga kwa ufunguo.

Vilibaki vitu viwili, na Dalenda alivitafuta kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa toleo la kweli la Wajdi. Ghala halitupi toleo la zamani siku hiyo hiyo. Huliacha pembeni, bila jina, mpaka siku ya usafi. Henshir hawakuwa watu wa usafi. Alilikuta baada ya robo saa. Kwenye mstari wa mia tatu kumi na nane, Wajdi alikuwa ameomba kwa namna ya kwanza: nipe sasa au niambie huna. Badiliko lilikuwa la neno moja.

Cha pili kilikuwa yule mlinzi. Alitaka kujua nani alimzima, na lini. Jibu lilikuwa jina lile lile, tarehe kumi na nne Machi, saa tano na dakika kumi na tisa.

Dakika kumi na tatu zilipita kati ya vitendo hivyo viwili. Bouraoui alibadilisha neno, akajaribu, mlinzi akapiga kelele, akamzima mlinzi.

Naoufel Bouraoui, mkurugenzi wa ufundi wa Henshir, alikuwa Gafsa tangu juzi kama shahidi. Saa saba kamili aliingia chumba cha mahojiano akiwa na suti ya kitani na wakili wake, mwanamke kijana aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye simu. Alimsalimu Dalenda kwa jina, akauliza kama kazi inamchosha. Alisema ni huzuni kuona kijana mwenye kipaji akijiharibia. Yeye alimlea Wajdi kama mdogo wake.

Dalenda alimwomba aeleze utaratibu wa kazi. Je, kuna mtu yeyote aliyegusa sehemu ya usimbaji baada ya Wajdi kuondoka?

"Hakuna. Ile ilikuwa shamba lake, hakuna aliyethubutu kuingia."

"Hata wewe?"

"Mimi ni mkurugenzi, dada. Nina miaka sita sijaandika mstari."

Dalenda aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamsomea, akamwomba atie saini. Alitia. Kisha Dalenda akamwekea mezani karatasi yenye maelezo ya badiliko lile.

"Nisomee mstari wa nne."

Bouraoui aliusoma kimya. Wakili aliweka simu chini.

"Hiyo ni hitilafu ya chombo," alisema Bouraoui. "Jina langu linaingia lenyewe kwa kila kitu."

Dalenda alimwekea orodha ya mabadiliko mia nne na kumi na mawili ya mwaka ule. Jina la Bouraoui lilikuwa mwingizaji wa mawili tu. Alimwonyesha yote mawili, akaweka kidole kwenye saa ya kwanza, kisha kwenye saa ya pili.

"Dakika kumi na tatu, Bwana Bouraoui. Hapa ulibadili neno. Hapa ulimzima aliyekuambia umekosea. Sikuulizi kama ulikosea. Kila mtu hukosea. Nakuuliza kwa nini ulimzima."

Wakili alimshika mkono mteja wake, akamnong'oneza. Bouraoui aliusukuma mkono ule pembeni.

Alizungumza dakika kumi bila kusimama. Makabidhiano ya visanduku yalikuwa Alhamisi iliyofuata. Shirika la reli lilitaka jaribio la ujumbe elfu kumi bila hata mmoja kupotea. Kwa njia ya Wajdi, kumbukumbu ikibana, ujumbe mmoja mmoja ulikataliwa na kulazimika kutumwa tena. Wajdi aliomba wiki mbili atenge kumbukumbu mapema, kabla kufuli haijashikwa, ili isiwepo haja ya kuomba tena. Bouraoui alimkatalia. Wajdi aliandika barua kwamba hatatia jina lake kwenye kitu kitakachotoka vile, akaondoka. Bouraoui alibadilisha neno moja, na jaribio likapita, ujumbe elfu kumi kwa elfu kumi. Alidhani yule mlinzi ni kelele tu za maabara. Hakujua kwamba treni zingekutana.

"Baada ya Jumatatu ya kwanza ulijua," Dalenda alisema.

Bouraoui alitazama mikono yake.

"Ulijua, na jina lililoonekana lilikuwa la Wajdi. Ukaliacha lionekane. Treni ile ilikuwa na watu sitini na wanne."

"Barua aliyoandika," wakili aliuliza polepole, akimtazama mteja wake badala ya Dalenda. "Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye droo ya ofisi ya Bouraoui mjini Sfax. Alishindwa kuichana. Alisema hata yeye hajui kwa nini.

Saa nane kasoro dakika mbili Dalenda alipanda ngazi za mahakama akikimbia, Khmais nyuma yake akihema na kisanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Hakimu Labidi, mwanamke wa maneno machache na miwani ya kamba, alikuwa ameshafungua kalamu. Wajdi alikuwa amekaa kwenye benchi kati ya askari wawili, amekonda, ndevu zimemwota.

Dalenda aliomba dakika ishirini. Alipewa kumi. Alisoma maelezo ya Bi Mahbuba, akaweka majina mawili na tarehe mbili, akaweka saini ya Bouraoui chini ya neno "hakuna", na chini yake ukiri wake. Kisha aliomba tundu la umeme. Kisanduku kiliwashwa juu ya meza ya karani, kikaunganishwa na kompyuta na kupewa ripoti ya wiki ya Metlaoui. Kilifanya kazi sekunde thelathini na nane, kikaganda mbele ya mahakama nzima.

Hakimu alikisogelea, akakigusa kwa ncha ya kalamu. Akamgeukia Wajdi.

"Ulisema tuangalie kumbukumbu."

"Nilisema, mheshimiwa."

"Mbona hukueleza?"

"Nilianza kueleza. Afisa aliniambia nijibu ndiyo au hapana."

Hakimu alifunga faili alilotaka kulipeleka chumba cha mashtaka. Alichukua karatasi nyingine, akaandika kwa mkono wake, wote wakisikiliza mkwaruzo wa kalamu. Wajdi Zammali aachiliwe mara moja. Naoufel Bouraoui awekwe rumande kwa kuhatarisha maisha ya watu na kuficha ushahidi. Kuhusu Bi Mahbuba, aliandika kwamba mahakama inamshukuru shahidi, na nakala iende kwa waajiri wake ili waisome vizuri.

Askari walimfungua Wajdi pingu. Hakunyoosha mikono wala hakulia. Alimuuliza Dalenda stesheni ngapi bado zina mstari ule.

"Ishirini na mbili."

"Basi nahitaji kompyuta," alisema. "Na mtu amwambie mama."

Siku ile ile reli walirudi kwenye simu na bendera kutoka Gafsa mpaka mwisho wa njia, treni zikichelewa na watu wakitukana. Wajdi alikaa kwenye karakana pamoja na mafundi watatu wa Henshir waliokuja wenyewe kutoka Sfax bila kuitwa. Alifanya alichokiomba tangu Machi: kumbukumbu ikatengwa mapema, mlango ukiwa bado wazi, na aliyeshika kufuli hakuwa tena na sababu ya kuomba kitu. Mlinzi aliachwa macho siku zote nne za majaribio. Hakutoa hata neno. Khmais aliwaletea mlo mara mbili kwa siku, akasimamia ulaji kwa ukali mkubwa kuliko alivyowahi kusimamia mahabusu.

Jumatatu saa tatu na nusu, kwenye chumba cha kuongozea treni cha Gafsa, walifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa: stesheni zote ishirini na mbili zilituma ripoti ya wiki kwa wakati mmoja, huku amri za taa zikiendelea kupita. Watu kumi na tano walisimama nyuma ya Wajdi. Sekunde ya thelathini na nane ilipita. Dakika ikapita. Dakika tano. Kwenye ukuta, taa ishirini na mbili za kijani zilipepesa, na kwenye kioo hesabu ya ujumbe uliopotea ilisomeka sifuri. Bi Mahbuba alipiga simu kutoka Metlaoui, akamwambia Dalenda, kwa sauti iliyosikika chumba kizima, kwamba treni ya fosfati imeingia njia ya pembeni na inasubiri kwa adabu.

Fundi mmoja alianza kupiga makofi, wote wakamfuata.

Walipotoka kwenda jukwaani, treni ya abiria ilikuwa tayari kuondoka. Dereva wake, mzee mwembamba aitwaye Tijani, aliteremka ngazi za kichwa cha treni na kumjia Wajdi moja kwa moja. Ndiye aliyefunga breki siku ile, akabakiza mita mia na themanini.

"Wewe ndiye Zammali?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Nimekulaani kwenye kila mkahawa kutoka hapa mpaka Redeyef. Na mkahawa nilioukosa niliutumia salamu." Alivua kofia. "Nitairudia njia yote, nikizifuta laana zangu. Leo naanza na wewe. Unakwenda nyumbani?"

Wajdi alisema anakwenda, mama yake anamngoja.

"Basi hukai nyuma. Unakaa mbele, na mimi."

Wajdi alimgeukia Dalenda, akataka kusema kitu, akakikosa. Dalenda alimpa mkono, akamwambia apande, treni ina ratiba yake. Alipanda. Abiria waliochungulia madirishani walianza kumtambua, mmoja akamwambia mwenzake, na jina lake likapita behewa kwa behewa mpaka la mwisho.

Taa ya mbele ikawa kijani. Mzee Tijani alipiga honi ndefu, ndefu kuliko kanuni zinavyoruhusu, na treni ikaondoka Gafsa saa nne kamili asubuhi, kwa wakati wake, ikielekea Metlaoui.